Nusu Saa ya Akili Yako

Saa ya chakula cha mchana, kantini ya chuo hufanana na mzinga uliopigwa teke. Sinia hugongana, viti hukwaruza sakafu, na kila mwenye mdomo husema akiamini kwamba yeye ndiye anayesikilizwa. Katika rabsha hiyo alipita binti mmoja aliyevaa gauni la samawati lenye ukosi mweupe, uliopigwa pasi hata ukasimama wenyewe. Nywele alizisuka mistari na kuzifunga kisogoni, na mkononi alishika vikaratasi vya manjano. Hakuwa mchuuzi wala mgombea wa chama cha wanafunzi, ingawa alikimbiwa kama hao wote wawili. Alikuwa mtafiti, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na alichokitafuta kilikuwa adimu kuliko wateja na kura. Alitafuta watu wa kukaa kitini.

Kila meza iliyomwona ilipata udhuru. Huyu alikumbuka kipindi, yule alikumbuka kwamba shangazi yake alimwambia apige simu, wa tatu hakukumbuka kitu ila aliondoka kwa kuwa wenzake waliondoka. Meza ya mwisho, iliyokuwa imejaa hadi pembeni, ilibaki na mtu mmoja. Alikuwa amewazidi wenzake umri kidogo. Shati lake la kaki lilikuwa na mifuko miwili iliyojaa penseli, na buti zake zilikuwa na udongo mwekundu hadi vifundoni. Alisomea upimaji wa ardhi, naye alifika chuoni baada ya miaka mingi ya kuwabebea vyombo wapimaji wengine. Kwa sababu hiyo darasa zima lilimwita Kaka Mkubwa.

"Wenzangu wamekukimbia," alisema, macho yakiwa bado katika sahani. "Mimi sijamaliza wali."

"Kwa hiyo ukimaliza nawe utakimbia?"

"Itategemea unauza nini."

"Siuzi kitu. Naomba nusu saa ya akili yako."

Hapo aliweka kijiko chini, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Akili yangu imepanda kilima tangu alfajiri ikibeba vyuma," alisema. "Lakini kama utaipokea ilivyo, ichukue."

Chumba cha utafiti kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, ghorofa ya pili: meza, kiti, saa ya ukutani, dirisha lililozibwa pazia zito. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mshiriki alivaa hedifoni, akapewa ukurasa mmoja unaohusu maisha ya nyuki, akaambiwa asome kwa makini. Wakati huohuo, masikioni mwake, sauti ilisoma matangazo ya vitu vilivyopotea. Ukurasa ulipochukuliwa, mtafiti hakuuliza habari za nyuki hata kidogo. Aliuliza sauti ilisema nini. Alitaka kujua nini hubaki kichwani mwa mwanafunzi asomaye penye kelele, kwa kuwa mabweni yote ni kelele na wanafunzi wote husomea humo. Nguzo ya utafiti huo ilikuwa moja tu: mshiriki asijue ataulizwa nini. Akijua, ataacha nyuki na kutega sikio, na hapo hakuna tena utafiti, kuna mchezo.

Sauti ilikuwa ya binti mwenyewe, maana hakupata mtu mwingine wa kusoma.

Mpimaji hakukumbuka lolote kuhusu nyuki. Matangazo aliyataja yote. Mwavuli wa kijani wenye mpini wa mti, umeachwa katika chumba cha kusubiri. Kiatu cha mtoto, cha mguu wa kushoto. Ufunguo uliofungwa uzi mwekundu. Mtafiti aliandika huku mshangao ukimpanda, kisha akamwuliza ilikuwaje.

"Ule ukurasa niliusoma mara tatu," alijibu. "Nyuki walikataa kuingia. Sauti ilikuwa imeketi mlangoni."

Binti aliinamisha uso karatasini, akaandika kitu ambacho baadaye yeye mwenyewe hakuweza kukisoma. Kabla ya kumruhusu kutoka alimwomba jambo moja, kwamba asimwambie mtu yeyote kilichofanyika humo. Mpimaji aliweka mkono kifuani, akaahidi.

Msimamizi wa mtafiti, mama wa makamo ambaye chuo kizima kilimwita Profesa tu kana kwamba hapakuwa na mwingine, alisikiliza sauti ile akakunja uso. Mlango ulikuwa umegonga mahali fulani kwenye ukumbi, na kishindo kile kilisikika juu ya tangazo la mwavuli. Aliamuru tangazo hilo lifutwe, na yule mshiriki wa kwanza ahesabiwe kuwa wa majaribio tu. Amri hiyo ilimfurahisha mtafiti kuliko alivyotaka ionekane. Mtafiti haruhusiwi kuwa na uhusiano na mshiriki wake. Lakini mtu wa majaribio si mshiriki tena.

Simu zikaanza. Zilikuja jioni, binti akiwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yao, nyuma ya duka dogo la baba yake aliyekuwa fundi saa.

"Halo, hapo ni ofisi ya vitu vilivyopotea?"

"Ndiyo, bwana. Umepoteza nini?"

"Usingizi. Mara ya mwisho nilikuwa nao kabla ya kula wali."

"Eleza rangi yake, laazizi, tusije tukakupa wa mwenzio."

Walicheka chinichini, si kwa hofu ya mzee. Nyumba nzima ilijua kwamba fundi akishabandika lenzi jichoni na kuinamia saa ya mtu, dunia kwake imefungwa. Mama alizoea kumwita mezani hata chakula kikapoa. Alikuwa akisema kwamba mumewe angeunguliwa na nyumba akiwa na lenzi, angeuliza kesho yake nani amehamisha paa.

Siku za mapumziko walitembea hadi bustani ya manispaa, yeye mpimaji amebadilisha buti kwa viatu vya kamba, binti amevaa sketi ya rangi ya zambarau ambayo mama yake alimshonea. Mpimaji alimfundisha kukadiria umbali kwa jicho. Binti akakadiria umbali wa benchi walilokalia hadi geti, akakosea sana, na mpimaji akamwambia kwamba kosa hilo limempendeza, maana linamaanisha njia ya kurudi ni ndefu.

Mapenzi yalikwenda vizuri. Kazi haikwenda. Seremala akikosa mbao ataagiza, mpishi akikosa chumvi ataazima kwa jirani. Mtafiti akikosa watu hana mlango wa kubisha. Vikaratasi vya manjano vilijaa kwenye ubao wa matangazo, kisha vikafunikwa na matangazo ya dansi. Walioahidi kuja asubuhi walilala. Aliyekuja mchana alikuwa na mafua, masikio yameziba. Mwingine alisoma habari za nyuki hadi katikati, akasinzia juu ya meza, na mtafiti akabaki amesimama, asijue kama maadili ya kazi yanamruhusu kumwamsha. Wengi waliuliza jambo moja: alama zitaongezwa katika somo gani? Wakiambiwa hakuna alama, walisikitika kwa niaba yake, wakaenda zao.

Mwisho wa muhula ulikuwa unakaribia, na chuo kilikuwa kimesema wazi kwamba asiyewasilisha matokeo atafutwa, ataondoka mikono mitupu. Nyumbani, baba yake alivua lenzi siku moja, akamwuliza kwa sauti ya chini, isiyo na kejeli, ambayo kwa sababu hiyo iliuma zaidi: "Mwanangu, nilikupeleka chuo ukasome, au ukaombe?"

Binti alitoka hadi kizingitini. Jioni ile alimwambia mpimaji yote, akalia kwenye simu bila kujificha. Mpimaji alimwambia alale, Mungu hamtupi mja wake.

Wiki iliyofuata walianza kuja.

Walikuja wawili wawili, kisha kwa foleni. Buti zao ziliacha udongo mwekundu ukumbini hadi mfagiaji akalalamika. Walikuwa watiifu mno: walikaa, walivaa hedifoni, walisoma, walijibu. Mtafiti alimnunulia mama yake kitambaa kwa furaha. Matokeo nayo yalikuwa ya kushangaza, kila mmoja alikumbuka matangazo kana kwamba yeye ndiye aliyepoteza vitu hivyo. Akaanza kuota kwamba amegundua jambo kubwa kuhusu akili ya mwanadamu.

Ndipo alipokuja binti mmoja mwembamba mwenye miwani, mpole, mwenye tabia ya kufunga macho anapofikiri. Aliulizwa sauti ilisema nini. Akafunga macho.

"Mwavuli wa kijani," alisema, "wenye mpini wa mti. Umeachwa katika chumba cha kusubiri. Kiatu cha mtoto, cha kushoto. Ufunguo."

Mtafiti hakuandika. Alimwomba arudie, naye akarudia vilevile. Alipokwisha kumshukuru na kufunga mlango, alivaa hedifoni yeye mwenyewe, akaisikiliza sauti yake toka mwanzo hadi mwisho. Kiatu kilikuwapo. Ufunguo ulikuwapo. Mwavuli haukuwapo, kwa sababu aliufuta kwa mkono wake mwenyewe, na katika dunia nzima palikuwa na mshiriki mmoja tu aliyewahi kuusikia.

Akayatazama tena majibu ya wale wengine, ambayo furaha ilimzuia kuyasoma vizuri. Mwavuli ulikuwa umesimama katika mengi kati yao.

Alimkuta mpimaji kwenye ngazi za maktaba, akichonga penseli kwa wembe. Alipomwona tu uso, aliacha kuchonga.

"Uliwaambia."

Hakukana. Jambo hilo lihesabiwe kwake kuwa wema. "Niliwaambia wasikilize sauti. Niliwaandalia yatakayoulizwa, wasije wakaaibika. Walikuwa wanaogopa, mpenzi. Habari zilienea kwamba kuna dada huko juu anawafelisha watu."

"Nilikuomba neno moja tu. Ukaweka mkono hapa." Alijigusa kifua.

"Ulikuwa unalia kwenye simu. Ningefanya nini? Darasani kwetu, mkubwa asiyemwachia mdogo mtihani wa zamani huitwa bahili. Nami nilipewa na walionitangulia. Ndivyo tunavyosaidiana."

"Huu haukuwa mtihani."

"Basi ni nini? Kuna chumba, kuna kiti, kuna karatasi, kuna saa ukutani, na kuna mtu anayeandika unachojibu. Mwanafunzi akiona hayo, utamwambiaje kwamba si mtihani?"

Hilo lilikuwa kweli, na hakuna aliyewahi kulifikiria, hata Profesa. Lakini ukweli huo haukumrudishia kitu. "Umeniletea watu," alisema taratibu, "na kila mmoja wao umemharibu kabla hajaketi. Afadhali wasingekuja. Wasiokuja ningeweza kuwangojea."

Alishuka ngazi. Mpimaji alimwita kwa jina alilozoea kumwita kwenye simu, mara moja tu. Mchuma janga hula na wa kwao. Naye alikuwa amelichuma kwa mikono miwili, kwa nia njema, na kumlisha ampendaye.

Alipoelezwa yote, Profesa hakupandisha sauti. Takwimu zilizoguswa, alisema, ni kama maziwa yaliyoingia chumvi, hayachujwi, humwagwa. Kwa kuwa udanganyifu haukuwa wake, angemwombea muhula mmoja zaidi, nao ungekuwa wa mwisho. Aliuliza ni nani aliyevujisha. Binti alitazama sakafu, akasema ni mtu aliyetaka kumsaidia. Zaidi ya hapo hakusema.

Muhula mpya ulikuwa mgumu kuliko ule wa kwanza. Wanafunzi wa zamani wote walikuwa wamekwisha kusikia habari za mwavuli. Ulikuwa umegeuka mzaha, na walipopishana naye kwenye ukumbi walimwuliza kama umepatikana. Wasingefaa tena. Palibaki wale wapya wa mwaka wa kwanza, nao waliogopa kila kitu, hata ngazi. Simu ya mpimaji iliita jioni baada ya jioni, binti akaiacha iite. Baadaye ikaacha kuita, na hilo nalo likamuumiza.

Siku moja Profesa alimzuia mlangoni akiwa anatoka.

"Yule mpimaji wako alikuja," alisema.

Binti akaanza kusema kwamba hakuwa na mpimaji yeyote. Profesa alimtazama hadi akaacha.

"Alikuja mwenyewe, sikumwita. Viatu vimepakwa rangi, shati limefungwa hadi kidevuni. Alisema ni yeye, akataka adhabu. Nikamwambia adhabu yake ni kukaa mbali na jengo hili na kufunga mdomo. Akaniuliza kama hakuna kitu kingine anachoweza kukufanyia. Nikamwambia hakuna." Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake. "Nimefundisha miaka mingi. Sijaona mtu akilia kwa kuambiwa apumzike."

Mtafiti alirudi chumbani, akaketi kwenye kiti cha washiriki. Alivaa hedifoni zisizo na sauti. Alitambua kwamba wakati wote ule alidhani ni yeye tu aliyefungwa mikono, akingoja watu wasiomjua wapande ngazi. Kumbe palikuwa na mwingine, upande wa pili wa barabara, aliyekatazwa hata kuzipanda.

Jioni hiyo alimpigia, akiwa kizingitini. Hawakusema mengi, yeye aliomba radhi, na mwenzake aliomba radhi juu ya ile, wakawa kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Muda mfupi baadaye mpimaji alihitimu masomo, akapata kazi ya kupima barabara mpya, mbali. Labda ilikuwa heri. Angekuwa karibu, angeshindwa kutosaidia.

Kisha ikaja ile alasiri. Walioahidi walikuwa wengi, na mtafiti alikwisha kufagia chumba, kufuta kiti, kuweka kurasa za nyuki sawasawa. Hakuja hata mmoja. Walikuwa wametangaziwa mazoezi ya mpira. Muhula ulikuwa unayoyoma, na waliopatikana hawakutosha kwa lolote. Alirudi nyumbani kabla jua halijalainika, akaketi kwenye kizingiti kilekile. Nyuma yake baba yake alikuwa ameinamia saa ya mkononi iliyofunguliwa tumbo, lenzi jichoni, kibano kidogo vidoleni. Simu ya binti ilikuwa imekufa upande wa sikio tangu ilipoanguka mwanzoni mwa muhula, ikawa haisikiki ila kwa spika. Hakujali. Kwa baba yake dunia ilikuwa imefungwa.

"Wamekuja?" mpimaji aliuliza, salamu ikabaki nyuma. Upepo ulivuma kwenye simu, wa mahali pasipo na nyumba.

"Hakuna aliyekuja."

"Niambie nifanye nini."

"Huna la kufanya."

"Naweza kuwapigia wale wa mwaka wa kwanza. Nisiseme lolote, niwaombe tu wapande ngazi."

"Usithubutu."

"Najua. Nimesema ili nisikie ukinikataza."

Binti alicheka kidogo, kicheko kikamkatikia njiani. "Nimechoka, mpenzi. Kila kilichokuwa changu kufanya nimekifanya. Kilichobaki kiko mikononi mwa watu wasionijua, na siwezi kuwashika nikawaketisha. Wasipokuja?"

Upepo ulivuma. Mahali fulani mtu alimwita mpimaji, naye akamjibu angoje.

"Wasipokuja," alisema, "mimi nitakuja."

"Wewe umekatazwa kuingia jengo lile."

"Si kule. Nyumbani kwenu, kwa mzee. Nitavua buti mlangoni, nitakaa nitakapoonyeshwa, nami nitasema nilichokuja kusema."

Binti alikunja pindo la gauni lake la samawati, akalikunjua, akalikunja tena. "Na wakija?"

"Wakija pia nitakuja. Ila hapo utakuwa umelala vizuri."

Aliishika simu mikononi kama kitu cha moto. Halafu akasema, "Njoo," kwa sauti ambayo hakuwahi kuirekodi popote.

Simu ilipozimika, kibano kiliendelea kugusa magurudumu madogo ya saa. Baba yake hakuinua kichwa.

"Mwambie aje mchana," alisema, "kukiwa na mwanga. Mtu huangaliwa mchana."

Binti aligeuka mzima. "Baba, ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nikifanya kazi yangu. Lakini masikio hayana kifuniko. Watu wako hawakuja. Yuko penye upepo, kuna mtu anamhitaji, naye amemwambia angoje. Anataka kuwapigia wa mwaka wa kwanza, umemkataza, umefanya vizuri. Buti atavua mlangoni." Akapuliza vumbi lisiloonekana. "Ana heshima, ila hajui kuomba radhi mara moja ikatosha. Siku ile nyingine aliomba hadi nikamwonea huruma."

"Siku ile nyingine," binti alirudia, uso ukimwaka. "Na mama akikuita kula?"

"Nasikia. Huwa siitikii tu."

Binti alifunika mdomo kwa viganja viwili. Alicheka hadi machozi yakatoka, na yalipokwisha kutoka hayakuwa tena ya kicheko. Yule aliyemtafuta muhula baada ya muhula, kwa vikaratasi na kwa kuomba, mtu asikiaye huku akili yake iko kazini, alikuwa ameketi nyuma ya mgongo wake jioni zote, amevaa lenzi. Naye hakumfaa kitu, maana utafiti ulikuwa wa wanafunzi.

"Ungekuwa mwanafunzi, Baba, ningekuandika."

"Nilikuwa," alijibu fundi saa. "Hamkuja kunitafuta wakati huo."

Alifunga kifuniko cha saa, akaiweka sikioni, akangoja. Akatikisa kichwa. Akaifungua tena, akaanza upya kwa subira ileile, bila kunung'unika. Binti alimtazama kitambo. Kisha aliingia ndani, akatoa pasi, akaunyoosha ukosi wake mweupe, na kuvipanga vikaratasi vya manjano tayari kwa mchana wa kesho, kantini.